Noti Nne za Shinuna

Wadi Kabir, nyuma ya gereji ya viyoyozi,
kila Alhamisi baada ya isha
tunapiga roki mpaka jirani agonge bati.

Mimi nilisomea besi. Miaka mitatu, Dubai.
Vidole vyangu hupanda na kushuka kama panya darini.
Hapa nimepewa kinanda.
Besi anapiga Shinuna, mwenye noti nne;
ya tano akiihitaji, huniuliza iko wapi.

Nikasema, Biju wa dramu akisikia:
"Hata kiyoyozi kinanguruma hivyo, na hakidai posho."
Shinuna akacheka. Akaendelea,
du, du, du, du,
kama mtu anayetwanga, mawazo yako kwingine.

Usiku ule Al-Khuwair, watu wanaruka,
vilemba mkononi, spika yake ikakata.
Gitaa lipo. Dramu ipo. Mwimbaji yupo, anapayuka.
Hakuna aliyejua kilichoondoka,
ila miguu.
Mmoja akatoa simu. Watatu wakafuata karaki nje.

Nikaziba pengo kwa mkono wa kushoto,
elimu yangu yote, gunia la mchele lililopasuka.
Walinipigia makofi, hata.
Hawakuruka.

Sisemi ustadi ni bure; niliulipia, nina risiti.
Lakini juzi nilimkuta gerejini peke yake,
noti moja, robo saa nzima:
anaichelewesha, unywele tu,
anasikiliza, anakunja uso, anarudia.

Sikumwuliza anatafuta nini.
Nilivua viatu, nikakaa.