Taarifa ya Katibu wa Timu ya Makasia

Kwa Mlezi wa Michezo, chuoni hapa, Wete.

Mashindano yaliyopangwa: manne.
Yaliyofanyika: hapa pana kisanduku kidogo,
na kalamu yangu inakizunguka kama paka
anayeogopa kutia mguu kwenye maji.

La kwanza lilikuwa Jumamosi ya pili ya Machi.
Chombo tulikwisha kukipaka sifa, yale mafuta ya papa,
maana sifa ile nyingine bado hatujaipata.
Tukaamka, mvua imeamka kabla yetu.
Mtambwe ng'ambo haionekani,
Mtambwe nzima imefutwa kama hesabu ubaoni.
Redio ikasema mawimbi mita tatu,
vyombo vidogo visitoke.
Massoud akauliza: "Sisi ni wadogo kiasi gani?"
Hakuna aliyemjibu.

La pili: radi.

La tatu tulifika hadi Chake kwa gari ya kukodi
(risiti namba tano; imelowa, naomba isomwe kwa huruma).
Barabara ya Mkoani imekatwa na maji.
Tukala boflo letu ndani ya gari, vioo vimejaa pumzi zetu,
Rubea akachora chombo juu ya kioo kwa kidole,
kikatiririka,
tukageuza.

Fomu inauliza: mazoezi yalifanyika wapi?
Bwalo la chakula.
Mabenchi manne, moja nyuma ya jingine,
watu wanane, wawili wawili,
mikononi mipini ya mifagio.
Mimi juu ya ndoo iliyofudikizwa, nawatazama usoni:
moja, vuta; mbili, pumua.
Na mvua juu ya bati ina hesabu yake,
ya haraka, haina mahali pa kupumua,
hata siku nyingine nikawaona wanaifuata ile, si yangu.

Bi Mgeni wa jikoni alikuja juu siku ya kwanza:
"Chombo cha sakafuni kinakwenda wapi?"
Siku ya tatu tukasikia mwiko wake ndani ya sufuria la uji
unagonga pale pale tunapovuta.
Wiki ya pili tukichelewa, yeye ndiye anayepiga ukelele:
"Moja!"
Uji ule, kwa kumbukumbu za ofisi, haukuwa na madonge.

La nne naomba nilieleze kwa urefu.
Siku hiyo mbingu ilikuwa safi.
Maji ya Wete yametulia kama sinia lililopanguswa,
nazi zilizoangushwa na upepo wa jana zinaelea hazina haraka.
Tukakaa kwenye mstari tangu saa mbili.
Wapinzani walikuwa Unguja, bandarini Malindi,
na mabegi yao, na meli imefungwa kamba:
kule kumechafuka.
Hapa jua, kule dhoruba, na sisi mvua yetu yote
tulikwisha kuimaliza peke yetu.

Mwamuzi akafungua kitabu cha sheria, akakifunga.
Akasema mtu hashindani na nafasi.
Akaitia saa mfukoni, akaenda kutafuta chai.

Hakuna aliyetoa amri. Naandika hili wazi, isije
ikasemwa ni katibu.
Kasia la Asya liliingia majini, na mengine saba
yakaingia kwenye tundu lile lile la sauti.
Nilihesabu hadi thelathini, koo likakauka,
nikanyamaza.
Hawakupunguza.
Walikuwa wanamsikiliza mtu, nikajua ni nani,
na mkono wangu ukaanza kukoroga hewa.

Muda uliotumika: saa ilikuwa mfukoni mwa mwamuzi.
Gharama: kama zilivyoambatanishwa.
Madeni: mipini mitatu ya mifagio. Yote kaivunja Rubea.
Bakaa: shilingi elfu nne na mia mbili.

Kisanduku kile cha juu nimekiacha wazi.
Ofisi ijaze.

Mize Shaame Faki,
katibu, na mpiga hesabu.