Kola Mia Nne

Jumatatu walikuja na tepu ya njano,
wakachora sakafuni umbo la kiatu cha farasi,
wakasema: humu ndani ninyi ni timu.
Mhandisi Valdemar alitugawia fulana.
Yangu ilinibana makwapani.

Miaka kumi na tisa, hapa Guimarães,
nimeshona kola nikitazama kisogo cha Graciete.
Mia nne kwa siku. Nilizihesabu kwa vifungo
ndani ya kopo la kahawa,
kifungo mkate, kifungo nauli ya basi,
kifungo daftari la mwanangu.

Sasa kopo ni moja, la watu saba.
Akikwama mmoja tumekwama,
na anayekwama ni Odília wa mikono.
Mikono ya mashati, namaanisha. Ya kwake imeisha:
vidole vimevimba kwenye viungo,
mashine yake inakwenda, inasimama,
kama mtu apandaye ngazi na gunia.

Juma la pili hatukusemezana.
Juma la tatu tulisemezana, ikawa vibaya zaidi.
Chooni, bomba likimwagika kwa makusudi,
Zulmira akasema: "Kwani mimi nimeolewa na Odília?"
Nikacheka.
Nilicheka, na nilikuwa nimeshaviona
viatu vya Odília chini ya mlango.

Kwenye korido wamebandika picha ya siafu.
Kidole kimoja hakivunji chawa, alituambia Mhandisi,
au alisema neno la kufanana na hilo.
Hakutuambia chawa huyo yumo kichwani mwa nani.
Kule juu, ghorofani, kila mtu ana mlango wake,
ufunguo wake,
na kikombe chenye jina.

Alhamisi nilivuta rundo la mikono
kutoka meza ya Odília hadi yangu.
Sikumtazama. Nilifanya kwa hasira, si kwa wema,
nikashona vibaya, mkono wa kushoto kulia,
yeye akafumua kimyakimya, kwa meno.
Tulikosa bonasi kwa mashati kumi na moja.
Hakuna aliyesema asante. Hakuna aliyesema ni nani.

Kiatu hiki cha farasi kimetugeuza nyuso.
Macho ya Graciete, kumbe, ni ya kijivu.
Miaka kumi na tisa!
Nikainua kichwa kumwambia hivyo,
nikamkuta ananitazama vidole,
midomo yake ikichezacheza:
anahesabu.