Kimya cha Pongwe

Sikio langu la kushoto lilifia kazini,
mwaka wa kumi na moja, uani kwa zahanati ya Pongwe,
karibu mno na bomba la moshi,
nikisikiliza pistoni kama mkunga asikilizavyo tumbo.
La kulia bado lipo.
Ndilo nililokwenda nalo chuoni.

Darasani vijana ishirini na mmoja,
na mimi, niliyezaliwa mkonge ukiwa bado dhahabu.
Siku ya kwanza waliniita Babu,
ya pili, Fundi,
ya tatu wakaniazima kalamu,
maana mfukoni nilikuwa na bisibisi tu.

Mwalimu Tabia Singano ni rika la kitindamimba wangu.
Hushika paneli kama sinia la pilau,
mikono miwili, kidevu juu.
"Hii haina cha kuzunguka," anasema.
"Haina oili, haina feni, haina plagi."
Nikauliza: Na ikiumwa, inalia vipi?
Darasa zima likacheka.
Yeye hakucheka. Akanipa mita.
"Soma hapa."
Tarakimu ndogo kama chawa,
na miwani nimeisahau Ngamiani, Barabara ya Kumi na Tano.

Jioni Mwanakombo anakuna nazi:
Leo mmefunzwa nini?
Volti, nikamwambia. Ampea. Na kivuli.
Kivuli?
Kivuli cha jani moja la mnazi, mke wangu,
kikiangukia kona ya paneli moja,
zote zilizofungwa safu hiyo zinapungukiwa nguvu.
Akapuliza machicha vidoleni:
Hayo mbona ni mambo ya ukoo wenu.

Mtihani wa vitendo, basi, wakaupeleka Pongwe.
Zahanati zote hizi, Pongwe.
Na uani, chini ya bati lile lile,
jenereta niliyempa jina Kigugumizi,
kwa jinsi alivyoanza kila asubuhi: k-k-k-kazi.

Nikaambiwa nimzime. Mimi.
Ufunguo ulikuwa bado pamoja na wa baiskeli.
Akatikisika mara tatu, akakohoa,
akashusha pumzi ndefu yenye masizi.

Na mwili wangu ukaruka.
Miaka kumi na tisa kimya kilikuwa ni simu.
Kimya kilikuwa ni Sista Agripina gizani: "Fundi, chanjo!"
Kimya kilikuwa ni baiskeli saa tisa usiku,
mnyororo ukikatika njia ya Kange,
tochi mdomoni, dizeli puani,
barafu ikiyeyuka ndani ya boksi.
Kimya kilikuwa ni kosa langu.

Nikasimama na bisibisi, nikingoja kuitwa.
Hakuna aliyeita.
Juu ya paa paneli nane zilikuwa kazini,
hazitoki hata jasho.
Taa ya friji, kijani, imetulia.
Kwa sikio lililobaki nikasikia
ndala za Sista kwenye sakafu,
mtu akipiga chafya wodini,
na kalamu ya mwalimu ikikwaruza karatasi.
Kumbe sauti hizi zilikuwepo siku zote,
na mimi ndiye niliyekuwa nazifunika.

Nimefaulu. Cheti wamekiandika Sempobe,
herufi moja imeanguka njiani.
Sirudi kuifuata sasa, nauli ni nauli.
Kigugumizi ameuzwa kwa kilo.
Walipompandisha mizani niligeuka kufunga kamba ya kiatu,
nami nilikuwa nimevaa makubazi.

Wiki ijayo kuna paa la shule Mabokweni,
na nitapanda na wale wanaoniita Fundi.
Ila usiku, saa tisa, bado naamka.
Nakaa ukingoni mwa kitanda, nasikiliza.
Mwanakombo ananivuta shuka: Lala, hakuna kitu.

Najua hakuna kitu.
Ndicho ninachojifunza, uzeeni, taratibu:
hakuna kitu,
na taa inawaka.