Pasi

Anguyo, leo umecheza dakika sita.
Nimezihesabu kwenye simu yenye ufa,
ndani ya kibanda cha mizani ya miwa, Kakira,
bando likivuja kama maji ya mtungi uliotoboka.

Wewe kumi, mimi tisa.
Watu hudhani mpira wa raga hujitokea tu matopeni
ukamfuata mwenye jina.

Kambini Jinja, nyuma ya nyumba za mabati,
tulikuwa na nguzo mbili na kamba ya kuanikia:
hilo ndilo goli letu.
Mama yako alifua sare za watu kwa malipo,
akazinyoosha kwa pasi ya mkaa,
na kila ulipokosa shabaha
kombati moja ilianguka vumbini,
naye akatutimua kwa Kiswahili cha gwaride:
"Nyuma geuka! Mbele tembea!"
Tulijifunza kulenga kwa sababu sabuni ilikuwa ghali.

Halafu Makerere. Ukasomea upimaji ardhi,
ukaanza kuuona uwanja kwa pembe na mizani ya maji.
Usiku, Wandegeya, tukigawana roleksi moja,
ulichora kwa kidole chenye mafuta juu ya gazeti
njia ambayo mpira ungepita kesho.
Na kesho ukapita.
Korongo wenye vipara walitutazama kutoka mitini
kama wahasibu wa chuo siku ya mwisho ya ada.

Yule mgeni mwenye daftari alikuja siku ya mvua.
Sikuwahi kukuambia: nilinyoa asubuhi ile,
nikavipiga viatu rangi, viatu vya kwenda kwenye matope.
Nilidhani daftari lina nafasi ya majina mawili.
Dakika ya sabini na nane
niliuchimbua mpira chini ya watu wanane,
sikio limechanika,
nikakurushia bila kutazama,
maana nilijua uliko
kama ulimi unavyojua pengo la jino.
Ukapiga. Ukapita katikati.
Wakakubeba wewe.
Ilikuwa haki. Iliniuma.
Hayo mawili yalilala nami chumba kimoja muhula mzima,
na hakuna aliyelipa kodi.

Mkataba ulikuja kwa Kifaransa, kurasa kumi na nne,
umekunjamana kwa safari ya bahasha.
Mama yako hakuuliza umeandikwa nini.
Aliutandaza mezani, akaufunika kwa kanga,
akaupiga pasi taratibu,
ukurasa kwa ukurasa,
kama sare ya mtu anayekwenda asikojua.

Lugha yetu hii ina ubahili wake.
Pasi ya mkaa, pasi ya kusafiria,
ile pasi yangu ya kushoto, ya chini, isiyozunguka sana;
na siku ya Entebbe, ulipovuka kioo
ukageuka kutafuta uso,
uliondoka pasi nami.

Wiki kumi na moja ukakaa benchi.
Ukanitumia sauti saa nane za usiku,
meno yakigongana:
"Tisa wao ni hodari, ndugu yangu.
Ila mpira wake unanifikia baridi."
Niliisikiliza mara nne.
Mara tatu kwa ajili yako.

Na leo, dakika ya themanini, mko nyuma kwa pointi mbili,
wanakupa mpira, unarudi hatua tatu,
unainua kichwa jinsi ulivyokuwa ukiipima kamba ya mama yako,
mguu unakwenda,
mpira uko juu—

picha imeganda.

Nje lori linapiga honi. La pili, la tatu.
Mpira umesimama angani Ufaransa,
mdogo kama punje ya mtama,
na bando limekwisha.

Natoka. Tani kumi na nane na nusu, namwandikia dereva,
ananiuliza mbona nimeinama hivyo,
mikono yote miwili kiunoni, upande wa kushoto,
kama mtu anayetaka kurusha kitu.