Mizani ya Kumi na Saba

Babangu alinifunza, kuhesabu kwa vidole,
mizani nikaitunza, nane huku, nane kule,
ikizidi alianza, kucheka, "Rudi kalale!"
Hakujua moyo wangu, utakuja kukaidi.

Ubeti huo umetimia, nimeuhesabu mara mbili.
Zinazofuata mniwie radhi.
Naandika na moyo wenye kigugumizi,
Mabela, ghorofa ya pili, mwezi wa Januari,
baridi hii ya Maskati ambayo wageni huicheka
nasi twaivalia soksi.

Daktari Malkiya, mdogo kuliko kitindamimba wangu,
aliitandaza mezani ile karatasi ya waridi,
akapitisha kalamu juu ya vilima.
"Hapa na hapa, Bi Shinuna, nafasi zingelingana. Tazama."
Nikatazama.
Kilima, kilima, uwanda,
kilima,
uwanda mrefu,
kilima kilima kilima.
Nikasema: mtunzi huyu hajui urari.
Ilibidi nimfasirie kwa Kiarabu,
mzaha ukafia njiani.

Vyumba vya juu, alisema, vinatetemeka badala ya kupiga.
Damu inazubaa humo, inaweza kuganda,
na bonge dogo likipanda kichwani
utaamka huna nusu ya maneno.
(Nusu ipi, nilitaka kuuliza. Ile ya Kiswahili?)
Akaniandikia kidonge, asubuhi na usiku.
"Na mafua uyaogope. Chanjo umeshapiga?"
Kesho, nikamwambia.

Kesho ilikuwa harusi Ibra.
Watu mia nne ukumbini, na sisi hatusalimiani kwa mbali:
pua kwa pua, mkono ubusiwe, kichwa kibusiwe,
habari ziulizwe mpaka za mbuzi.
Shangazi Ghaniya, macho mekundu, leso kwenye mkono wa kanzu:
"Mafua tu haya, mwanangu. Vumbi."
Akaniegemezea pua yake, yenye unyevu.
Ningemkataaje? Ndiye aliyenisuka nywele siku yangu.

Siku ya tatu, homa.
Homa huuambia moyo kimbia,
na wangu hata kutembea haujui vizuri.
Ukakimbia
ukajikwaa
uka
mia na arobaini, mia na nane, mia na sitini na moja:
kibanio cha kidoleni kikababaika kama shahidi wa uongo.

Hilal, mwanangu, kwa mapenzi yake,
aliniletea vidonge vya duka la jirani, vya kuzibua pua.
Pua zikazibuka.
Kifuani mtu akaanza kuhamisha makabati.
Saa nane za usiku nikasoma kikaratasi kwa lenzi,
herufi ndogo kama mayai ya chawa:
wenye maradhi ya moyo wasitumie
kabla ya kumwona daktari.
Sikumwambia Hilal hadi leo. Atakuja kusoma hapa.

Hospitali walinipachika nyaya kama mti wa taa za harusi.
Muuguzi wa Kimalayali akanishika mkono,
akahesabu kwa lugha yake, midomo tu ikicheza.
Nikahesabu kwa yangu.
Hatukufika kwenye namba moja.
Tukatazamana, tukaanza upya.

Sasa niko nyumbani. Kikohozi kinafunga mizigo polepole.
Chanjo nitapiga nikipona, safari hii bila kesho.
Mjukuu anasimama mlangoni na barakoa yake ya katuni,
ananipungia kwa kiwiko,
nami namrushia busu linaloangukia zuliani.
Shangazi amepiga simu. Amepona tangu Jumapili. Vumbi, anasema.

Usiku, kiyoyozi kikinyamaza,
naweka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono,
vile vile alivyovishika babangu vikiwa vidogo.
Nane.
Nangoja.
Nane nyingine, zinakuja mbio mbio, mbili zimepandana.
Halafu kimya, kirefu, ambapo mtu aweza kutia shahada.
Halafu moja.

Imezidi.
Siifuti.