Daftari la Pili

Dukani kwa Gocha, chini ya jengo letu hapa Kutaisi,
lipo daftari lililofungwa kwa kamba ya kiatu.
Humo, ukurasa wa kumi na nne, ndimo ninamoishi:
Lamara, ghorofa ya tano. Mikate miwili. Jibini. Betri.
Sigara za mume
(mume alishaacha, deni halijaacha).

Leo ni tarehe kumi na moja.
Mshahara uliingia tarehe tano
ukapita kama mgeni asiyevua viatu.
Nimeketi jikoni, zamu ya usiku ingali miguuni,
na nje theluji inaanguka bila kuulizwa bei.

Wahenga walishasema yao kuhusu mali na daftari.
Mali sina. Daftari nimenunua,
la kijani, lari mbili na tetri themanini,
nalo likawa la kwanza kuandikwa ndani yake:
daftari, 2.80.
Nikacheka peke yangu. Karatasi haikucheka,
ilingoja la pili.

Nargiza wa dirisha la malipo aliniambia:
"Anza na mwezi uliopita. Mwezi ujao ni mwongo,
utakuahidi kila kitu."
Basi nikamwaga mkoba mezani, risiti zote,
nyingine zimefifia hadi kubaki jina la duka tu.

Gesi, mia moja arobaini na mbili.
Basi la kwenda hospitali.
Kahawa ya mashine, korido ya watoto,
tetri themanini; nani ahesabu tetri themanini?
Mara mbili kila zamu, zamu kumi na sita.
Nilizidisha mara tatu nikidhani kalamu imelewa.
Lari ishirini na tano na tetri sitini.
Bandu, bandu.
Wala sikusikia shoka.

Harusi ya binti wa Zurabi, hamsini.
Mazishi ya jirani niliyemjua kwa kikohozi tu
upande wa pili wa ukuta, thelathini.
Hapo kalamu ikasita hewani.
Nikimfuta huyu, nani atagonga mlango
siku nitakayokohoa mimi?
Nikaiacha thelathini palepale,
nikapiga mstari chini yake,
si wa kuikata, wa kuishikilia.

Halafu hereni za mama.
Ziko rehani tangu msimu wa zabibu, mwaka juzi.
Nilipewa mia mbili. Riba kumi na nane kila mwezi,
na miezi niliyolipa ni kumi na minne.
Fanya wewe hesabu, mimi niliifanya nimesimama.
Nimezinunua upya hereni za mama yangu
na bado masikio yangu yako wazi.

Chai ikapoa. Nikafungua ukurasa mpya,
nikaandika Februari, nikamwonya asinidanganye.
Gesi kwanza. Chakula. Basi.
Hereni, arobaini, kabla ya chochote kinachong'aa.
Kahawa itatoka nyumbani, ndani ya chupa ya Ushangi
aliyoiacha alipokwenda jeshini.
Mazishi, thelathini: watu hawafi kwa mpango wangu.
Chini kabisa kikabaki kipande cha mstari,
lari tisa, hazina jina.
Sikuwahi kuwa na fedha isiyo na jina.

Jioni nikashuka kwa Gocha, daftari kwapani.
Akalowesha kidole, akafunua lake,
tukasoma pamoja kama wanafunzi wa dawati moja.
Lake likasema sitini na tatu.
Langu, sitini na nne na nusu.
"Mayai," nikamwambia. "Matatu. Tarehe nane."
Akaandika polepole, penseli akairudisha sikioni.
"Lamara," akasema, "siku hizi unatisha."

Lifti ya jengo letu hula tetri kumi kila safari.
Nilisimama mbele yake, viazi mkono mmoja,
sarafu mkono mwingine,
ghorofa tano juu yangu.
Nikaitumbukiza.
Mlango ulipofunga nikaegemea ukuta,
nikatafuta kalamu, nikaandika.