Bati la Tatu

Mjukuu wangu kanishikisha simu: tazama, Bibi,
Mhindi wako huyo.
Si wangu. Lakini nimemtambua kwa masikio,
yamesimama vilevile kama vishikio vya sufuria.
Kishor Vadgama, mtoto wa fundi mbao wa reli,
mwongozaji wa filamu sasa, huko Bombay,
kavaa miwani ya jua ndani ya nyumba
kama mtu anayeumwa macho.

Alibeba taa za studio miaka tisa, anasema.
Filamu ya kwanza ilikufa kwa juma moja.
Ya pili ikakaa sinemani mwaka mzima,
na tangu hapo mlango wake haufungwi.

Anaulizwa: mbinu yako hii, mzee, uliipata wapi?
Maana filamu zake zote hazina kiuno.
Msichana anachota maji, kijana anampita kwa baiskeli,
ukipepesa jicho wana watoto watatu na kesi mahakamani.
Katikati hamna. Katikati malizia mwenyewe.
Naye anajibu, polepole, kidole kidevuni:
ni falsafa ya ukimya.

Ukimya!
Kishor, pengo lile ni bati la tatu
lililokwenda Mwanza.

Mimi Kalunde nilikuwa mlangoni nakata tiketi.
Filamu zilikuja kwa treni kutoka Dar, mabati sita,
na wewe, miaka kumi na minne, uliyapokea stesheni
kwa mkokoteni wa baba yako, unamwaga unga wa mninga njia nzima,
ujira wako kuingia bure.
Jumamosi ile ukaja na matano.
Kumbe la tatu wamelitupia behewa lenye chumvi ya Uvinza,
likaunganishwa na ya kaskazini, likaenda zake.

Bwana Mrisho wa mashine hakusema kitu.
Baada ya la pili akaweka la nne.
Shujaa alikuwa anacheka; ghafla yumo minyororoni,
na mama yake kipofu.
Ng'ambo na Kanyenye wakasimama pamoja:
Macho ya mama yamekwenda wapi?
Senti zetu!
Kiti cha kwanza kikaruka.

Ndipo ukapanda mbele, miguu peku,
mwanga wa mashine umekupiga usoni,
kivuli chako kikubwa kuliko shujaa.
"Jamani, hilo bati mimi nimeliona."
Mwongo wewe.

Ukasimulia robo saa, kwa Kiswahili chetu, si cha shuleni.
Ukawaleta nyuki wa Sikonge ndani ya jumba la maharaja.
Mzinga ulivyoanguka, mama alivyomlalia mwanawe,
uso juu ya uso,
mtoto akatoka mzima, hana hata kovu,
na yeye nyuki wakamla macho.
Mwanamke mmoja wa Isevya alilia mpaka akapaliwa na karanga.
Hakuna aliyedai senti.

Sasa sikiliza usilolijua.
Jumatatu mlipanda treni, ukoo mzima, na masanduku.
Mkokoteni baba yako aliniachia mimi
(nimeuzia maji miaka kumi na moja).
Bati likarudi Alhamisi, limeliwa kutu pembeni.
Mji ukalipa tena kuja kuwaona nyuki.

Wimbo mmoja.
Makofi mawili.
Daktari anatikisa kichwa, anasema: ni ugonjwa.
Basi.

Ukumbi ulinyamaza; huo ndio ukimya, Kishor.
Kisha sauti moja kutoka viti vya nyuma:
Nyuki wako wapi?
Na safari hii Bwana Mrisho alirudisha senti, moja moja,
kwa mkono wake, mpaka saa sita usiku.

Mjukuu anauliza: nimwandikie, Bibi? Niseme nini?
Usimsalimie. Ana watu wengi wa kumsalimia.
Mwambie bati lilifika.
Mwambie nyuki hawakuwemo,
na tuliwadai.